Chemirocha: Maisha ya Jimmie Rodgers na Deni la Jina

Nchi ya Wakipsigis huanzia katika vilima vya chai vya Kericho, ikateremka kupitia Kapkatet, Sotik na Bomet, hadi Chebunyo katika eneo la Chepalungu, ambako mashamba ya chai huyaachia nafasi malisho ya ng'ombe. Ramani ya nchi hiyo imejaa majina yanayoanza kwa che-: Chebunyo, Chepalungu, Chemosit, Chemagel, Cheptalal. Kwa hiyo mtu wa huko alisikiapo jina Chemirocha kwa mara ya kwanza, halimshtui. Ladha yake ni ya nyumbani. Hata hivyo, mwenye jina hilo hakuwahi kukanyaga Kericho wala sehemu nyingine yoyote ya Afrika. Alikuwa Mzungu wa Marekani, mfanyakazi wa reli aliyegeuka kuwa mwimbaji, na alikuwa ameshazikwa kwa miaka 17 wakati wimbo unaomtaja ulipohifadhiwa kwenye santuri huko Kapkatet mwaka 1950.

Mtu huyo ni James Charles Rodgers, anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Jimmie Rodgers, na ambaye wapenzi wa muziki wa kantri humwita baba wa muziki huo. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kama kisa cha fukara aliyepata utajiri akafa kijana. Kisa hicho ni cha kweli, lakini hakitoshelezi. Rodgers alikuwa pia mtu aliyejifunza kwa kusikiliza, kisha akasikilizwa. Aliyekopa kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa, kisha naye akakopwa na watu walioliweka jina lake vinywani mwao kwa kanuni za lugha yao. Ni maisha yanayomhusu mwanafunzi wa fasihi simulizi kama yanavyomhusu mpiga gitaa.

Malezi na Reli

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 kusini mwa Marekani, na mji wa Meridian katika jimbo la Mississippi ndio uliohesabiwa kuwa kwao. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Mama yake, Eliza, alifariki Jimmie akiwa bado mtoto mdogo, na tangu hapo malezi yake yakawa ya kuhamishwa kutoka kwa jamaa mmoja hadi mwingine. Shule haikumshika. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alikwisha kutoroka nyumbani mara mbili ili kuendesha maonyesho ya muziki mitaani na vijijini, na mara zote mbili baba yake alimfuata akamrudisha. Hatimaye mzee aliona heri mwanawe afanye kazi mahali ambapo angemwona. Akamtafutia kibarua cha kuwapelekea maji wafanyakazi wa njia ya reli.

Kazi hiyo ya ndoo na kata ndiyo iliyokuwa chuo chake. Wafanyakazi aliowapelekea maji walikuwa, kwa sehemu kubwa, Waamerika wenye asili ya Afrika. Walinyoosha vyuma vya reli na kushindilia kokoto kwa pamoja, na ili mikono yao iende kwa mpigo mmoja waliimba. Mmoja alitoa, wengine wakapokea. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa hizo zilikuwa hodiya kamili: nyimbo za kazi zenye kiongozi na waitikiaji, ambazo mpigo wake hutoka katika kazi yenyewe, kama kimai kinavyotoka katika kuvuta kamba na tanga. Wakati wa mapumziko palikuwa na banjo na gitaa. Kijana aliketi, akatazama vidole, akasikiliza, akajaribu. Kwa njia hiyo aliipata bluzi, ule muziki wa majonzi na mzaha uliozaliwa katika jamii za watu weusi wa Marekani baada ya utumwa.

Baadaye Rodgers alipanda cheo akawa mfunga breki wa magarimoshi. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari na isiyokuwa na uhakika. Siku nyingine ilikuwapo, nyingine haikuwapo. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika. Walijaliwa mabinti wawili, Anita na June, lakini June alifariki akiwa mchanga mwaka 1923. Mwaka uliofuata, Rodgers akiwa na miaka 27, aliambiwa kwamba ana kifua kikuu.

Ugonjwa Uliofungua Mlango

Siku hizo kifua kikuu hakikuwa na dawa. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaa dhidi ya ugonjwa huo, iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Aliyeugua aliagizwa apumzike, ale vizuri na atafute hewa kavu. Rodgers hakuwa na fedha za kufanya hayo, na mwili wake haukuiweza tena kazi ya reli. Alibaki na gitaa na sauti. Ndipo yale aliyokuwa akiyafanya kwa ajili ya kujifurahisha yalipogeuka kuwa riziki ya pekee aliyoweza kuitafuta. Ajabu ni kwamba riziki hiyo ilitegemea mapafu yale yale yaliyokuwa yakioza.

Mwaka 1927 alihamia Asheville, North Carolina, akaanza kuimba katika redio ya mji huo, kisha akajiunga na wanamuziki vijana waliokuwa na bendi. Katika majira ya joto ya mwaka huo, Ralph Peer, aliyekuwa akitafuta waimbaji wapya kwa niaba ya kampuni ya santuri ya Victor, alifika Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia. Rodgers na wenzake walikwenda huko, lakini usiku wa kuamkia kurekodi waligombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakamwacha. Tarehe 4 Agosti 1927 alisimama peke yake mbele ya kinasa sauti na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili. Hivyo hata mwanzo wa sifa zake ulitokana na ugomvi wa jina.

Nyimbo hizo hazikuvuma sana. Rodgers hakusubiri barua. Alisafiri mwenyewe hadi New York, akampigia Peer simu kumjulisha kwamba yupo tayari kurekodi tena. Tarehe 30 Novemba 1927, katika mji wa Camden, New Jersey, alirekodi wimbo ulioitwa Blue Yodel. Wimbo huo ulimfanya mashuhuri nchi nzima.

Namna Alivyopiga na Kuimba

Blue Yodel ulikuwa ndoa ya vitu viwili. Muundo wake ulikuwa wa bluzi: mshororo unaimbwa, unarudiwa, kisha unajibiwa na mshororo wa tatu. Baada ya jibu, Rodgers aliongeza yodeli, yaani mbinu ya kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa na kuirudisha, bila maneno, kama mchungaji anayeita ng'ambo ya bonde. Yodeli ilikuwa imefika Marekani kutoka milima ya Ulaya na kuzoeleka katika maonyesho ya jukwaani. Rodgers aliifunga kwenye majonzi ya bluzi, na watu wakasikia kitu ambacho hawakuwahi kukisikia ingawa kila kipande chake walikuwa wakikijua.

Upigaji wake wa gitaa haukuwa wa mbwembwe. Aligonga uzi mnene, akapapasa nyuzi nyembamba, akagonga tena. Na alipokuwa akihama kutoka mkao mmoja wa vidole hadi mwingine, aliunganisha kwa noti chache za chini zinazotembea. Mikao mitatu ilitosha kuubeba wimbo mzima. Kwa sababu hiyo maelfu ya vijana waliokuwa na gitaa la bei nafuu waliamini kwamba nao wangeweza. Hata hivyo, urahisi huo ulikuwa na mtego. Rodgers hakuhesabu mapigo kwa ukali; alirefusha mshororo alipotaka na kukatiza pigo alipoishiwa pumzi, hata wanamuziki waliomsindikiza wakapata taabu. Aliyetaka kuujifunza wimbo wake hakuweza kutegemea hesabu. Ilimbidi afanye kama Rodgers alivyofanya pale relini: asikilize, arudie, asikilize tena.

Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu tu. Gramafoni nyingi zilitiwa ufunguo kwa mkono, bila umeme. Hivyo mtu aliye mbali na mji, bila mwalimu wala maandishi ya muziki, aliweza kumketisha mwimbaji mezani pake na kumrudisha mwanzo mara ishirini. Huo ulikuwa ufundishaji mpya kabisa katika historia ya fasihi simulizi. Sauti ilikuwapo, mwenye sauti hakuwapo. Aliyeisikia aliachiwa kazi ya kumbuni.

Kati ya mwaka 1927 na 1933 Rodgers alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Mwaka 1929 alionekana katika filamu fupi akiwa amevaa sare ya mfunga breki, na mwaka huo huo alijenga nyumba kubwa huko Kerrville, Texas, ambako hewa ilisemekana kuwafaa wagonjwa wa kifua. Nyuma ya gitaa lake palikuwa na neno la shukrani lililoandikwa kwa herufi kubwa. Alipomaliza kuimba aliligeuza gitaa, na watazamaji wakasoma ahsante yao.

Tarehe 16 Julai 1930, mjini Los Angeles, alirekodi Blue Yodel ya tisa. Aliyepiga tarumbeta alikuwa Louis Armstrong, na kwenye piano alikuwapo Lil Hardin Armstrong. Hao walikuwa miongoni mwa wanamuziki wakubwa zaidi wa jazi. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri hiyo. Ubaguzi wa rangi wa wakati ule uliruhusu sauti nyeusi na nyeupe zikutane chumbani, lakini si kwenye karatasi. Ikiwa Armstrong mwenyewe aliachwa bila kutajwa, si ajabu kwamba wale vibarua wa Meridian, walimu wa kwanza wa Rodgers, hawakutajwa popote.

Mwisho wa Safari

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipunguza mno mauzo ya santuri, na gharama za matibabu zikazidi. Nyumba ya Kerrville ikamtoka mkononi. Mwezi Mei 1933 Rodgers alikwenda New York kurekodi kwa mara ya mwisho, akiwa na muuguzi. Alikuwa dhaifu kiasi kwamba kitanda kiliwekwa karibu, naye akawa anaimba, analala, anaamka na kuimba tena. Alitaka kuiachia familia yake kitu. Tarehe 24 Mei alimaliza kazi. Tarehe 26 Mei alifariki katika hoteli aliyofikia, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa garimoshi.

Mwaka 1961, Jumba la Heshima la muziki wa kantri lilipowatunuku watu wa kwanza, yeye alikuwa mmoja wao. Kwa Marekani, hapo ndipo wasifu wake hukamilika. Kwa Afrika Mashariki, ndipo sehemu yake ya pili inapoanza.

Kuzaliwa kwa Chemirocha

Santuri za Rodgers zilichapishwa pia Uingereza na kusambazwa katika makoloni yake. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, ikipitia Lumbwa, mji unaoitwa leo Kipkelion, kaskazini mwa Kericho. Kuanzia miaka ya 1920 makampuni makubwa yalipanda chai katika vilima vya Kericho. Ardhi ikabadilisha wenyewe, vibarua wakamiminika, na bidhaa za ng'ambo zikafuata njia hiyo hiyo ya reli, gramafoni zikiwemo.

Wakipsigis hawakuwa wageni katika muziki wa nyuzi. Walikuwa na kinubi chao, chepkong, ambacho mpigaji hukidonoa huku akiimba. Walipolisikia gitaa la Rodgers likienda sambamba na sauti yake, walisikia ndugu wa chombo walichokijua. Na walipomtungia wimbo, hawakulisubiri gitaa liwafikie. Waliutungia kinubi.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alipita Kapkatet. Huyu ndiye aliyemrekodi pia Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa na mwimbaji wa Kiswahili cha Katanga, mwaka 1952. Huko Kapkatet alikusanya matoleo matatu ya wimbo mmoja uliotaja jina moja: Chemirocha. Toleo la tatu, lililoimbwa na Chemutoi Ketienya akiwaongoza wasichana wa Kikipsigis, ndilo lililopata umaarufu mkubwa. Ndani yake wasichana wanamwita Chemirocha aje acheze nao.

Jina lenyewe linastahili uchambuzi. Katika Kikipsigis, tofauti kati ya sauti ghuna na sighuna katika vipasuo haitenganishi maana. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya Jimmie, na ile iliyo katikati ya Rodgers, zote mbili zilitua kwenye ch. Mwisho wa neno ulipoteza s ukabaki na irabu a, kama ambavyo Kiswahili kilipata meneja na dereva kutokana na maneno ya Kiingereza. Majina mawili yakaungana kuwa moja. Kisha likatokea jambo lililo zaidi ya fonolojia. Wakipsigis huwapa wavulana majina yenye kiambishi kip- na wasichana yenye chep- au che-, kama Kipkemoi na Chepkemoi, Kiprotich na Cherotich. Kwa umbo lake, Chemirocha liliangukia upande wa wasichana. Mfunga breki wa Mississippi alipata jina ambalo lingeweza kuitwa shuleni Chebunyo na mtoto akasimama kuitika.

Tracey, katika maelezo aliyoyaambatanisha na santuri, alieleza kuwa Chemirocha alichukuliwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Maelezo hayo ndiyo yaliyoenea Ulaya na Marekani, na wengi wakayapokea kama kichekesho cha watu waliodhani gramafoni ina mungu ndani yake. Hapo ndipo mwanafunzi wa fasihi anapaswa kusita. Viumbe nusu mtu nusu mnyama wamejaa katika ngano zetu zote, na hakuna fanani wala hadhira anayekula kiapo kwamba wapo. Wasichana wanaomwita mgeni asiyeonekana aje acheze wanaweza kuwa wanaamini. Wanaweza pia kuwa wanatania, wakijua vizuri kwamba mtani wao hatakuja. Utani ni utanzu wenye kanuni zake. Mkusanyaji aliyekaa siku chache, akitegemea tafsiri, angeweza kuusikia utani akaandika imani. Kuwapokonya wasichana wa Kapkatet uwezo wa kutania ni kuwapokonya usanii wao.

Likitazamwa hivyo, walilomfanyia Rodgers si kosa la kusikia. Ni utunzi. Walipewa sauti isiyo na mwili, wakaitungia mwili. Walipewa jina lisilo na maana, wakalitia katika umbo lenye nafasi. Rodgers naye alifanya hivyo hivyo alipotwaa hodiya za relini na yodeli za jukwaani akazifanya zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Lakini hapa mwenyeji hakupona tu, alimponya pia mgeni na usahaulifu.

Majina Yaliyobaki na Yasiyobaki

Muziki wa eneo hilo haukuishia kwenye kinubi. Kericho ilipata kampuni yake ya santuri, Chandarana, na wanamuziki kama Kipchamba arap Tapotuk wakalifanya gitaa liimbe Kikipsigis kwa ufasaha. Nao pia walikuwa wamerithi utamaduni wa kujifunza kwa sikio kabla ya kitu kingine chochote.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 2015, maktaba hiyo ikishirikiana na mradi wa Singing Wells na asasi ya Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala za nyimbo hizo katika nchi ya Wakipsigis. Miaka 65 ilikuwa imepita. Wengi wa waimbaji walikuwa wamefariki, na sauti zao zilikuwa zimesikika ughaibuni kwa muda mrefu kuliko zilivyosikika kwao.

Hata hivyo, majina yao yaliandikwa. Jina la Chemutoi Ketienya limo katika orodha ya santuri, na kizazi chake kinaweza kulisoma. Jina la Rodgers limo katika wimbo wake, japo limevaa vazi jingine. Wasiokuwamo popote ni wale wanaume waliokunywa maji ya ndoo ya kijana wa Meridian, wakampa mpigo, mshororo unaorudiwa na namna ya kukamata nyuzi. Wasichana wa Kapkatet walipomwita Chemirocha, walikuwa wakiwaita na hao bila kujua. Kila mkusanyaji wa fasihi simulizi anayeingia kijijini leo na kinasa sauti mfukoni anabeba deni hilo, na hatua ya kwanza ya kulilipa ni ndogo: kabla ya kuuandika wimbo, aandike jina la aliyeuimba, na la aliyemfundisha.